Kuilinda Akili Kabla ya Uzee

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemkirimu mwanadamu kwa akili, akaifanya kuwa mlango wa taklifu na taa ya kumwonyesha halali na haramu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya haya. Ndugu zangu Waislamu, wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kutukuta tukisema juu ya hirizi na mizimu, na karamu za arobaini zinazowafilisi mayatima. Leo nataka kusema juu ya presha, yaani shinikizo la damu, na juu ya kupiswa kwa wazee wetu. Najua yuko atakayeuliza: sheikh ana nini na kazi ya madaktari? Namwomba asome, kisha ahukumu.

Nilikuwa na mwalimu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kwake nilihitimu Qur'ani na kwake nikasoma Safina na Abu Shujaa. Alikuwa hafidhi. Mtoto akikosea irabu moja chuoni, naye amejinyosha mkekani tukidhani amelala, angalimrudi pasi na kufumbua macho. Basi mtu huyu katika miaka yake ya mwisho alianza kusita katikati ya Al-Fatiha. Alikuwa akisali adhuhuri, akitoa salamu, akikaa kidogo, kisha akisimama kuisali tena, na mara ya tatu, kila mara akiamini kuwa hajaisali. Siku moja alimwuliza mkewe, waliyekaa pamoja zaidi ya miaka arobaini, yeye ni binti wa nani na amekuja kwa haja gani. Na usiku alikuwa akitoka nje, akaonekana amesimama mlangoni pa jirani hali hajui alipo.

Hapo maneno yakaanza. Katika nchi yetu hii ya Kakamega, mzee akionekana usiku mlangoni pa mtu hapana anayesema kuwa amepotea njia. Husemwa kuwa ni mchawi wa usiku. Jamaa zake nao waligawanyika: wako waliosema ni jini, wako waliosema amerogwa na wenziwe kwa sababu ya kiwanja. Walichinja mbuzi mweusi, na makombe yakaandikwa na kunywewa, na fedha ambazo zingalimnunulia mzee chakula na blanketi zikaingia katika mifuko ya watu ambao sina haja ya kuwaeleza, maana kila mji unao.

Siku moja binti yake, alipokuwa akipanga vitu katika sanduku la bati la baba yake, alikuta kadi ya zamani ya kliniki. Ndani yake imeandikwa 170 juu ya 105, na tarehe ya wakati mzee alipokuwa na miaka 52. Alipewa vidonge siku zile, akavimeza mwezi mmoja, akaviacha. Kwa nini aliviacha? Kwa sababu hakuwa akiumwa na kitu. Alisema: Mponyaji ni Mungu, nami sioni maumivu.

Maneno hayo nayajua vizuri, kwa sababu nilikuwapo alipoyasema. Na si hilo tu. Nilikuwa nikiyasimulia katika darsa zangu kwa miaka mingi, nikiwapigia vijana mfano wa tawakkuli ya wanazuoni wa kale. Leo naandika haya nikijua kuwa wako waliosikia mfano ule kwangu wakaufuata.

Sitasema kwa yakini kwamba presha ile ndiyo iliyomnyang'anya mwalimu wangu akili yake. Daktari niliyemwuliza alikataa kuliapia hilo, naye alifanya vyema, maana ghaibu ya mtu mmoja mmoja anaijua Mola wake. Lakini alinieleza mambo ambayo, baada ya kuyasikia, sioni uhalali wa kunyamaza.

Ubongo wa mwanadamu ni mdogo, haufiki sehemu tatu katika mia za uzito wa mwili. Lakini hupokea kama sehemu moja katika kila sita au saba ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu hiyo huufikia kwa mishipa mikubwa shingoni, kisha hugawanyika katika mishipa myembamba kuliko uzi. Presha ikizidi mwaka hata mwaka, mishipa ile myembamba hugeuka: kuta zake huwa nene na ngumu, njia yake husongeka, na mingine huziba au kupasuka. Mahali padogo pa ubongo hukosa damu, hufa. Mwenyewe hahisi lolote, maana si kiharusi kile cha kuanguka na kupooza upande mmoja, bali ni vidogo vidogo, leo kimoja, na mwakani kingine. Mtu wa miaka 45 analima, anauza, anaoa, anagombea uenyekiti wa kamati ya msikiti, naye ndani yake anaporwa. Hata afikapo miaka 70 au 75 ndipo watu wanapoona kuwa mali imekwisha kuibwa.

Hilo la wakati ndilo ninaloomba lizingatiwe, kwani hata baadhi ya watu wenye elimu ya kisasa hawalijui. Katika mji wa London walichukuliwa watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 tangu mwaka 1985, wakapimwa na kufuatwa kwa miaka mingi. Wachunguzi walipotazama hesabu za watu 8,639 miongoni mwao, wakazitangaza mwaka 2018, waliona kwamba aliyekuwa na miaka 50 na namba yake ya juu ya presha imefika 130 au kuzidi, hatari yake ya kupiswa baadaye ilikuwa kubwa kuliko ya mwenziwe kwa kadiri ya 38 katika mia. Ama waliopimwa wakiwa na miaka 60 au 70, uhusiano huo haukuonekana. Katika visiwa vya Hawaii pia, wanaume wenye asili ya Kijapani waliopimwa presha tangu mwaka 1965 walitazamwa tena uzeeni, na wale waliokuwa na presha ya juu katika utu uzima wao wala hawakutibiwa ndio waliopatwa zaidi.

Kwa hiyo mzee wa miaka 75 akipimwa leo na kuambiwa presha yake ni ya kawaida, wanawe wasiseme: tazama, hakuwa na presha huyu. Maradhi yenyewe ya ubongo yanapoingia, presha mara nyingi hushuka. Mwizi amekwisha ondoka, nyayo zimefutika. Wa kupimwa ni hao wanawe wenyewe, walio katika arobaini na hamsini.

Sasa nataka kusema jambo linaloihusu nchi yetu hasa, maana wako wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya tangu na tangu, ambayo kila kizazi lazima kiyapate. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, jina lake Donnison, alichapisha habari za watu aliowapima katika Kavirondo Kusini, jirani zetu wa upande wa ziwa. Nasi wakati huo tulikuwa Kavirondo Kaskazini, na boma lilikuwa limehamishwa kutoka Mumias kuletwa hapa Kakamega mwaka 1920. Alipima watu 1,000. Aliona kuwa presha ya watu wale haikupanda na umri kama ya Wazungu: ilipofika kama miaka 40 ilisimama, kisha ikaanza kushuka. Na katika wagonjwa kama 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili hakumwona hata mmoja mwenye maradhi ya presha.

Hao ni babu zetu na majirani wa babu zetu. Walikuwa na malaria, na njaa, na ndui, na wengi walikufa vijana. Sisemi kuwa zama zao zilikuwa pepo. Lakini presha hawakuwa nayo. Na serikali yetu ilipofanya uchunguzi wa nchi nzima mwaka 2015, kwa watu wa miaka 18 hata 69, ilionekana kuwa karibu mtu mmoja katika kila wanne ana presha iliyopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wote hawajapata kupimwa hata mara moja katika maisha yao. Damu ni ile ile, kabila ni zile zile, na ardhi ni hii hii. Ni nini kilichobadilika?

Wachunguzi wengine walijaribu kulijibu swali hili. Waliwafuata vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini kaskazini ya ziwa kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari zao zilichapishwa mwaka 1990. Haikupita muda mrefu, namba ya juu ya presha ya waliokwenda mjini ilikuwa imepanda. Chumvi katika mkojo wao ilizidi, na madini yanayopatikana katika mboga na matunda yalipungua. Basi ndugu yangu, jini hakusafiri nao katika basi. Kilichobadilika ni chungu na sahani.

Nasi tujitazame hapa. Ugali na mboga za kienyeji bado tunavyo, alhamdulillahi. Mrenda, na kunde, na mito, vyakula ambavyo daktari angevisifu. Lakini mboga hiyo sasa haipikwi ila kwa chumvi ya kukadiria kwa mkono mzima, na juu yake kikolezo cha pakiti ambacho nacho ni chumvi, na mezani mtu huongeza tena kabla hajaonja. Shirika la Afya la Ulimwengu husema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, nazo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kikiwamo kila kilichofichika katika mkate na viazi vya kukaanga. Na katika shughuli zetu za harusi na matanga, mtu huhesabiwa amekirimiwa kwa wingi wa mafuta yanayoelea juu ya pilau. Kisha tunapanda bodaboda kwenda mahali ambapo baba zetu walikwenda kwa miguu na kurudi. Wala tumbaku sihitaji kuisema, ijapokuwa nawaona baadhi ya wanaoisoma tasbihi kwa mkono huu na sigara iko katika mkono ule.

Tuje kwenye dini, ndiko kwenye kazi yangu.

Watu wanaoacha dawa hutoa hoja mbili. Ya kwanza ni kadari. Husema: aliyeandikiwa kupiswa atapiswa. Nasi twawauliza: je, nyinyi mna tawakkuli kuliko Umar bin Khattab? Alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika mahali panapoitwa Sargh, akapewa habari kuwa kuna tauni mbele, alishauriana na watu kisha akaamuru kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia mbele ya bonde lenye ng'ambo mbili, moja ya majani na nyingine kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kidonge ni kadari. Mashine ya kupimia ni kadari. Na kuviacha pia ni kadari, lakini utaulizwa juu ya kuchagua kwako. Mkulima wa Mumias na wa Butere haachi kupanda mahindi masika yanapoanza akasema riziki imekwisha andikwa. Kwa nini tawakkuli hii huja kwenye dawa tu?

Ya pili ni nzito zaidi, na huitoa wanafunzi wa elimu. Husema: Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, kama ilivyopokewa kwa Usama bin Sharik, aliwaamrisha kujitibu, akawaeleza kuwa Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa maradhi mamoja, nayo ni ukongwe. Basi kupiswa ni ukongwe, na ukongwe hauna dawa, mjadala umekwisha.

Nasema: hadithi ni sahihi, na hoja si sahihi. Kweli ukongwe hauna dawa. Hapana tembe itakayomrudisha mtu wa miaka 80 kuwa wa 30. Lakini ni nani aliyetuambia kuwa kila kinachomfika mzee ni ukongwe? Sote tunawajua wazee wa miaka tisini wanaokumbuka deni la mwaka ule na jina la ng'ombe aliyelipwa mahari. Lau kupoteza akili kungalikuwa ndio uzee wenyewe, wasingalisalimika hao. Alilolitenga Mtume ni uzee. Kuharibika kwa mishipa ya ubongo kwa presha isiyotibiwa ni jeraha lililompata mtu akiwa na nguvu zake, na jeraha limo katika yale aliyoyaamrisha yatibiwe.

Kisha tazama jambo jingine. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya An-Nahl, na tena katika Al-Hajj, kuwa wako miongoni mwetu wanaorudishwa kwenye umri ulio dhalili, hata wawe hawajui kitu baada ya kuwa walijua. Na Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo, akiutaja pamoja na ubakhili na uoga na fitina ya dunia na adhabu ya kaburi. Imepokewa katika Bukhari kuwa Saad bin Abi Waqqas alikuwa akiwafundisha wanawe dua hiyo kama mwalimu anavyowafundisha watoto kuandika. Sasa, mtu huomba ajikinge na kitu ambacho kinga yake yawezekana. Na aombaye kinga kwa ulimi, kisha akakataa sababu ya kinga kwa mkono, ni sawa na anayesoma dua ya safari huku amekata breki za gari lake kwa makusudi.

Wanazuoni wetu, na katika wao Imamu Ghazali, wamesema kuwa sharia yote imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, na nafsi, na akili, na kizazi, na mali. Kwa ajili ya akili Mwenyezi Mungu ameharimisha ulevi. Nasi Waislamu wa hapa twajisifu kuwa hatuonekani katika vilabu vya chang'aa na busaa, na kweli ni sifa. Twamtazama mlevi anayeyumba njiani jioni, twasema: amejiharibia akili yake kwa mkono wake. Naam. Lakini akili ya mlevi yule itarudi asubuhi. Ni ipi hukumu ya mtu aliyeambiwa na mjuzi kuwa akili yake mwenyewe inaharibika polepole, na kwamba itaondoka isirudi, na kwamba kidonge kimoja kwa siku chaweza kupunguza hatari hiyo, naye akakitupa kwa sababu haumwi? Simwiti mwenye dhambi sawa na mlevi. Fatwa ya namna hiyo siitoi. Bali nasema kwamba aliyeamini kuwa sharia inalinda akili, hana hoja ya kulinda mlango mmoja akaacha wa pili wazi.

Na hapa pana jambo linalosemwa sana vyuoni, nami nililiamini: kwamba msomaji wa Qur'ani hapiswi. Asili yake ni tafsiri iliyopokewa kwa Ibn Abbas na Ikrima juu ya Sura ya At-Tin, na Ibn Jarir akaiegemea tafsiri ya kuwa kurudishwa chini kabisa ni ukongwe. Lakini Ibn Kathir ameitazama akasema kuwa lau hayo ndiyo makusudio, isingalikuwa sawa kuwatoa waumini, kwa sababu ukongwe huwapata baadhi yao pia. Hilo ndilo tunaloliona kwa macho. Elimu ya hadithi imejaa majina ya watu wema waliopatwa na jambo hili. Ataa bin Saib alikuwa katika wapokezi wanaotegemewa, kisha hifadhi yake ikachanganyika mwishoni mwa umri wake. Wanazuoni wakapeleleza ni nani aliyemsikia kabla na ni nani aliyemsikia baada, wakakubali ya wa kwanza na kuyatilia shaka ya wa pili. Vimeandikwa vitabu kwa kazi hiyo tu. Tazameni adabu yao: hawakusema amerogwa, hawakusema ana jini, wala hawakuiona kuwa ni aibu ya kufichwa chumbani. Waliandika tarehe. Nasi wa leo tunayo mashine ya kutuonya miaka ishirini kabla, na bado twatafuta mbuzi mweusi.

Hizi dhana za uchawi si mchezo. Mwaka 2021 huko Kisii, mbali nasi kwa safari ya saa chache tu, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Na Kilifi wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa tuhuma kama hizo. Mungu ndiye ajuaye ni wangapi katika waliopata kutuhumiwa hawakuwa na kosa ila kusahau, na kusema maneno yasiyo na mpango, na kutoka nyumbani usiku. Mwalimu wangu alisalimika kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umesoma kwake. Mzee asiye na wanafunzi atasalimika kwa nini? Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Isra amewataja wazazi wafikapo uzeeni wakiwa kwetu, akatukataza hata kuguna mbele yao. Anayempiga mama yake mzee kwa sababu ameuliza swali moja mara kumi, au anayemfungia ndani pasi na chakula akisema ana mashetani, basi na aisome sura hiyo kabla ya kuja kutuuliza juu ya kuinua mikono katika kunuti.

Isidhaniwe kwamba ninaahidi. Wako wenye presha ya juu wasiopiswa kamwe, na wako wenye presha ya kawaida wakapiswa. Kuna sababu nyingine pia ambazo wajuzi wamezitaja: kisukari, na kuvuta tumbaku, na kukaa tu, na uziwi usiotibiwa, na kukosa kusoma utotoni, hili la mwisho liwafikie wale wanaowatoa binti zao shule. Jopo la wataalamu waliokusanya habari za ulimwengu mzima lilisema mwaka 2024 kuwa kiasi cha 45 katika mia ya maradhi haya yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa lau sababu hizo zote zingeondolewa. Zilizobaki zaidi ya nusu ziko mikononi mwa Mungu kama zilivyo hizo nyingine.

Na je, kuitibu presha kunafaa kweli, au ni nadharia? Huko China, katika vijiji 326, walichukuliwa watu 33,995 wenye miaka 40 na kuendelea ambao presha yao haikudhibitiwa. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa pale pale kijijini, wasio madaktari wakubwa, waliwapa dawa, wakawapima na kuwafuatilia kwa bidii. Baada ya miaka minne, na habari zikachapishwa mwaka 2025, waliopiswa katika vijiji hivyo walikuwa wachache kwa 15 katika mia kuliko wenzao. Miaka minne tu. Sikuona katika habari hiyo hospitali ya ghorofa kumi. Niliona mtu wa kijijini mwenye mashine na mwenye subira, naye mtu huyo tunaye: tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani mwetu wamepewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha. Mama huyo akibisha hodi, mfungulieni. Ni aibu kwamba mganga wa kutoka mbali huandaliwa kuku, na huyu huachwa uani akibweka na mbwa.

Neno moja juu ya Ramadhani, kwa sababu nimeulizwa. Wako wanaoacha vidonge vya presha mwezi mzima kwa kuogopa kuharibu saumu, kisha wasivirudie tena hata baada ya Idi. Dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku, na daktari aweza kukupangia umeze baada ya futari au wakati wa daku. Nenda umwone mapema katika Shaabani, usingoje mwandamo. Na ambaye daktari mwaminifu amemwambia kuwa kufunga kutamdhuru, huyo Mwenyezi Mungu amekwisha mpa ruhusa katika Sura ya Al-Baqara, na kuikataa ruhusa ya Mola wako si uchaji.

Mimi nilikwenda kupimwa wiki mbili baada ya kumzika mwalimu. Nilikaa kwenye benchi pamoja na kina mama wenye watoto, nikitumaini kuwa hapana mwanafunzi wangu atakayepita. Ikatoka 152 juu ya 98. Wakanipima tena siku nyingine mbili, kama inavyotakiwa, ikawa ni hiyo hiyo kwa karibu. Umri wangu haujafika hamsini. Sikuumwa kichwa, sikuona kizunguzungu, na asubuhi ile ile nilikuwa nimetembea kwa miguu kutoka sokoni. Sasa nameza kidonge kimoja kila baada ya alfajiri, na nyumbani kwangu chumvi imeondolewa mezani, jambo ambalo watoto wangu wanalilalamikia kuliko walivyopata kulilalamikia jambo lolote nililowakataza kwa jina la dini.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala, mhudumu wa afya wa mtaa wetu atakaa katika baraza ya msikiti na mashine yake, wanaume upande wa mlango mkubwa, na wanawake chumba cha madrasa, ambako atakuwako mwanamke mwenziwao. Hakuna malipo. Kila aliyefika miaka 40 na aje, na asinywe kahawa nusu saa kabla yake, akae kitako dakika tano, asizungumze mkono wake ukiwa umefungwa. Nitakuwa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu.